Merikebu za mezani: biashara inayouza saa za fundi

Mbao za libuyu kutoka Walikale, Kivu Kaskazini, hufika Goma baada ya kupita matope na vizuizi vya Masisi, na huko huuzwa jinsi zilivyopasuliwa. Nyingine hubaki mjini zikawa vitanda na milango, nyingine huvuka mpaka kwenda Uganda na kwingineko. Mpasuaji, mchukuzi, mwenye lori na watoza ushuru wa njiani wote huwa wamekwisha kula chao kabla fundi hajashika randa.

Nchini Hispania, miti ya jamii hiyohiyo huuzwa kwa namna nyingine kabisa. Kampuni kama OcCre na Artesanía Latina hutengeneza masanduku ya merikebu za mfano. Ukifungua sanduku unakuta mkuku na mataruma yaliyokwisha kukatwa, nyuzi za kamba, kitambaa cha matanga, na fito nyembamba za kufunika ubavu wa chombo, nyingine zisizofika hata milimita moja ya unene. Fito hizo mara nyingi ni za sapelli, mti wa misitu ya Afrika ya Kati, Kongo ikiwemo. Mteja hulipia sanduku, kisha hutumia jioni zake za miezi kadhaa kulijenga yeye mwenyewe. Ubao ambao Goma ungetoa mlango mmoja hutosha kuvisha merikebu nyingi.

Soko la pili ni la vyombo vilivyokamilika, na hapa Bahari ya Hindi ina walimu. Kisiwa cha Mauritius kiliingia katika kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1960. Karakana ya Historic Marine, huko Goodlands, ilifunguliwa mwaka 1982. Humo wanaume kwa kawaida hujenga mwili wa meli, wanawake hufunga kamba na kushona matanga, kisha matanga huchovywa katika chai ili yaonekane yamekula jua na chumvi. Mti unaopendwa ni msaji au mahogani, kwa kuwa mbao za bei nafuu hupasuka. Meli kubwa moja huweza kula saa 400 za kazi. Hizo saa ndizo anazozilipia mnunuzi.

Tusiseme kwamba kazi hii ni ya watu wa pwani. Karakana ya Le Village, iliyoanzishwa mwaka 1993, iko Antananarivo, mji wa milimani ulio mbali na bahari kwa mwendo mrefu wa gari. Mafundi wake hufuata michoro ya meli za kale, kipande kwa kipande. Inayohitajika ni michoro sahihi, mbao kavu na mikono yenye subira.

Mikono hiyo Masisi inayo. Mafundi wa chukudu huchonga kwa shoka, panga na tupa chombo cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo za viazi na makaa kuteremka hadi Goma, mji uliomjengea msukuma chukudu sanamu mwaka 2009. Chukudu ndogo za kuweka mezani zimekuwa zikiuzwa Goma kwa wageni. Anayeweza kuchonga gurudumu la duara kamili kwa jicho tu hashindwi na taruma la sentimita kumi.

Ningeshauri fundi wa chukudu aanze na jahazi, kama wanavyofanya wachongaji wa Lamu. Merikebu ya Kizungu ya milingoti mitatu hudai mamia ya mafundo, na kosa moja huonekana upesi. Jahazi lina mlingoti mkuu mmoja, foromali ya kubeba tanga la pembe tatu, henza ya kulipandisha na demani ya kulizuia. Kazi yake hujifunzika haraka zaidi.

Vikwazo ni vizito. Hewa ya Masisi ni baridi na yenye unyevu. Mbao zisizokaushwa vizuri zitajikunja zikifika kwenye hewa kavu, na mteja hatarudi. Vietnam hutoa meli nyingi kwa bei ya chini ambayo hata Mauritius huiona chungu. Na juu ya yote kuna vita: Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Walikale-Centre ikafikiwa Machi mwaka huohuo, na wageni waliokuwa wakinunua vinyago wakapungua. Hakuna karakana inayoweza kupanga miezi sita mbele katika hali hiyo.

Lakini tofauti na vitanda na milango, bidhaa hii haidai lori, kwa kuwa kazi ya miezi huingia katika sanduku moja la kubeba mkononi. Shule za ufundi na vyama vya maseremala vya Kivu Kaskazini vianze na banda la kukaushia mbao na seti moja ya michoro ya jahazi. Gharama ya vitu hivyo viwili ni ndogo, na bila hivyo libuyu itaendelea kuuzwa kwa ubao.