Nduthi inapolia: cheni, beringi na vumbi la Nakuru

Pita stage yoyote ya boda hapa Nakuru asubuhi, iwe Free Area, Kaptembwo au kule Kiamunyi, na usiziangalie pikipiki. Zisikilize. Kuna inayopita kimya, unasikia injini tu. Kuna inayopiga kra-kra-kra kila mwenyewe akiachilia mafuta: hiyo cheni imelegea, inagonga kaveri. Halafu kuna ile inayovuma chini chini kama mashine ya kusaga unga ikiwa mbali, na mvumo unapanda kadri spidi inavyopanda. Hiyo ni beringi ya gurudumu. Kama wewe ni abiria, iache hiyo iende, panda ya nyuma yake.

Mbona cheni za huku hazidumu? Sehemu ya jibu iko kwenye jina lenyewe. Wazee husema Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Hadhi ya jiji tulipewa Desemba 2021, lakini vumbi halikuambiwa. Na si vumbi la kuchezea. Udongo wa hapa umetokana na volkano, Menengai si iko hapo juu inatuangalia? Ukishuka Gilgil, pale Kariandusi wanachimba diatomaiti, unga mweupe wa masalia ya mwani wa ziwa la kale, na unga wa aina hiyo hutumiwa hata kung'arishia vyuma. Sasa chukua vumbi kama hili, umwagie oili chafu iliyotolewa kwenye injini vile wengi hufanya. Hujalainisha cheni, buda. Umeipaka msasa.

Kila mahali na adui wake. Kule Canada watu wana mashine za kusukuma theluji, nazo zina cheni na beringi kama za nduthi, na zinaliwa na maji na chumvi inayomwagwa barabarani. Sisi tunaliwa na vumbi, kisha mvua ya Aprili inakuja kumalizia.

Watu husema cheni "imevutika". Chuma chenyewe hakijavutika. Cheni ya rola, ile iliyobuniwa na Hans Renold kule Manchester mwaka 1880 na ambayo bado tunaitumia, ina pini ndani ya bomba dogo katika kila pingili. Vumbi likiingia hapo, pini inalika kidogo na bomba linalika kidogo. Zidisha hilo kidogo kwa pingili zaidi ya mia, cheni nzima imekuwa ndefu.

Hii unaweza kuipima mwenyewe kwa rula. Boda nyingi hutumia cheni namba 428. Ile 4 ya mwanzo ni sehemu nne kati ya nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Vuta cheni ikaze, hesabu pini 21, upime kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Cheni mpya inakupa milimita 254. Ikipita 259, imekwisha. Pima sehemu tatu nne, maana cheni hailiki sawasawa.

Hapa ndipo tunapokosana na mafundi wengine wa jua kali. Cheni ikiwa ndefu hadi sehemu ya kukazia imefika mwisho, jamaa anachukua nyundo, anatoa pingili mbili, anafunga tena, "twende kazi". Cheni imekuwa fupi, sawa, lakini kila pingili iliyobaki bado ni ndefu kuliko jino la sproketi linavyotaka. Inapanda juu ya meno na kuyachonga mpaka yanainama kama mapezi ya papa. Ukifika hapo, hata ukinunua cheni mpya ukaiweka kwenye meno hayo, itachakaa kabla hujaizoea. Ndiyo maana sproketi ya mbele, ya nyuma na cheni hununuliwa pamoja. Najua utaniambia pesa. Mwenye nduthi anataka yake jioni, mkopo nao haulali, kwa hivyo msee ananunua cheni leo na sproketi "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi ananunua cheni tena.

Kitu ambacho wengi hawaunganishi ni kwamba cheni na beringi zinauana. Kaza cheni kupita kiasi na inavuta beringi ya gurudumu na ile ya gia siku nzima, tena ukiweka abiria wawili au magunia ya viazi kutoka Molo inakaza zaidi. Beringi nayo ikilegea, gurudumu linayumba, sproketi haiko tena kwenye mstari, na cheni inaliwa upande mmoja. Ukirekebisha moja ukaacha nyingine, utarudi kwa fundi.

Kuijua beringi mbovu hakuhitaji chuo, na mimi niliyeacha chuo nakuhakikishia. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma juu na chini, litikise. Likicheza kushoto na kulia, angalia beringi kwanza. Ukilitoa, ingiza kidole ndani ya beringi uzungushe: ikikwaruza kama ina mchanga, itoke.

Namba huwa imeandikwa pembeni. 6301 ina tundu la milimita 12, 6202 lina milimita 15. Nunua kwa namba, si kwa kukadiria kwa macho. Herufi za mwisho pia zisome: ZZ ni kifuniko cha bati, 2RS ni sili ya mpira pande zote mbili. Kwa vumbi letu chukua ya mpira. Na ukienda karwashi, mwambie kijana asilenge ile pampu katikati ya gurudumu. Maji ya presha yanapita sili, grisi inatoka, kutu inaingia.

Wakati wa kuweka mpya, gonga ukingo wa nje peke yake, kwa beringi kuukuu au soketi ya saizi hiyo. Ukigonga ukingo wa ndani, umeiumiza kabla haijazunguka hata mara moja. Kuna pia kibomba kinachokaa kati ya beringi mbili ndani ya habu. Fundi mwenye haraka hukisahau sakafuni. Bila hicho, ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi kwa pembeni, na wiki haiishi.

Sioni haya kuwa mambo madogo. Cheni ikikatika ukiteremka Subukia, injini haikushikilii tena, umebaki na breki tu. Na ikijikunja kwenye sproketi ya mbele inaweza kupasua kasha la injini au kufunga gurudumu la nyuma papo hapo, na huyo nyuma yako amebeba mtoto.

Klipu ya kuunganisha: upande uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda, mwanya ubaki nyuma. Weka alama za kukazia sawa pande zote mbili, uache cheni icheze kama milimita 25 pale katikati, chini. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, pangusa, kisha oili ya gia, ukizungusha gurudumu kwa mkono na injini ikiwa imezimwa. Imezimwa kabisa, kuna watu wamebaki na vidole tisa. Cheni mpya hulegea siku za kwanza, kwa hivyo ikague tena baada ya siku mbili tatu kabla ya kupakia viazi.