Kila sakafu na dawa yake: Usafi usigeuke sumu nyumbani

NA DAKTARI WETU

Asubuhi moja mama kijana aliingia chumbani mwangu akihema, mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Mtoto alikuwa akikohoa na kupumua kwa shida, na mdomo wake ulinuka mafuta ya taa. Nilipouliza kilichotokea, mama alieleza kwamba alikuwa aking'arisha sakafu ya sementi kwa sababu wageni walitarajiwa jioni. Alikuwa ameyeyusha mshumaa, akauchanganya na mafuta ya taa, akapaka sakafu nzima. Yaliyobaki aliyatia katika chupa ya soda na kuiweka nyuma ya mlango. Mtoto akaiona chupa, akaitambua, akanywa.

Mtoto huyo alilazwa siku kadhaa na, kwa bahati njema, akapona. Hata hivyo sijasahau maneno ya mama yake: "Daktari, mimi nilikuwa nasafisha tu."

Msomaji mpenzi, mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa msafi kuliko wengi wetu. Kosa lake ni kwamba hakuna aliyepata kumweleza jinsi ya kuitunza sakafu yake bila kuhatarisha maisha ya wanaoishi juu yake. Juma hili ningependa tuizungumzie sakafu, maana ni sehemu ya nyumba ambayo madaktari huiuliza mara chache, ilhali magonjwa mengi huanzia pale.

Sisi watu wazima huikanyaga sakafu tukapita. Mtoto huishi juu yake. Hapo ndipo anapotambaa, anapoketi, na anapookota kipande cha mkate kilichoanguka na kukitia kinywani. Kwa hiyo kilichoko sakafuni asubuhi huwa tumboni mwa mtoto kabla ya jua kutua.

Kanuni ni tatu, na zafaa kwa sakafu yoyote. Kwanza, ondoa taka bila kutimua vumbi. Pili, safisha kwa kiasi cha maji ambacho sakafu hiyo yaweza kustahimili. Tatu, iache ikauke. Dawa ya kuua viini huja baada ya hayo, tena si kila siku. Sasa tuangalie sakafu moja baada ya nyingine.

Sakafu ya udongo

Familia nyingi mashambani, na hata katika mitaa ya mabanda mijini, huishi juu ya udongo. Si jambo la kuonea haya, lakini lina kazi yake.

Adui wa kwanza ni vumbi. Usifagie udongo mkavu. Nyunyiza maji kwa mkono kwanza, kiasi cha kulaza vumbi tu, ndipo ufagie. Ukimwaga maji mengi utapata matope na mashimo. Mtu mwenye pumu, na mtoto mwenye kikohozi, wakae nje hadi kazi iishe.

Adui wa pili ni funza, ambaye wengine humwita tekenya. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na inaelezwa kwamba alishuka pwani ya Angola mwaka wa 1872 pamoja na meli iliyotoka Brazil. Kabla ya karne ya 19 kwisha, alikuwa amekwisha kulivuka bara hadi Afrika Mashariki. Ni kiroboto mdogo wa kama milimita moja. Jike hujichimbia ndani ya ngozi, aghalabu ya miguu, akavimba hadi ukubwa wa punje ya njegere, huku akitoa mayai ambayo huanguka sakafuni. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na viluwiluwi vyake hukulia katika vumbi na mchanga mkavu ulio ndani ya nyufa. Ndiyo maana kumtoa funza mguuni bila kuishughulikia sakafu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Ziba nyufa kila zinapotokea. Udongo wa kichuguu, au ule wa mfinyanzi, ukikandwa vizuri na kushindiliwa, hutoa sakafu ngumu isiyotifuka upesi. Nyunyiza maji kila siku. Mbuzi, kuku, nguruwe na mbwa wasilale mnamolala watu. Kila mtu na aoshe miguu kwa sabuni jioni, kisha avae viatu. Na tafadhali, msichokore funza kwa pini au mwiba mmoja nyumba nzima. Pini hiyo yaweza kubeba pepopunda, homa ya ini aina ya B na hata virusi vya Ukimwi kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Siku hizi kuna mafuta ya dimetikoni ambayo hupakwa juu na kumwua funza papo hapo alipo ndani ya ngozi. Uliza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Adui wa tatu ni minyoo. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo hutoka katika kinyesi cha binadamu, huletwa ndani kwa nyayo, na yaweza kukaa udongoni miezi mingi yakiwa hai. Viluwiluwi vya safura navyo hupenya ngozi ya mguu mtupu. Choo kinachotumiwa na wote, watoto wakiwemo, ni sehemu ya usafi wa sakafu yako.

Je, samadi ya ng'ombe? Wazee wetu waliisiriba sakafu kwa samadi, na ni kweli kwamba hushika udongo na kupunguza vumbi. Lakini samadi hubeba mbegu za pepopunda. Katika nyumba yenye mtoto mchanga ambaye kitovu chake hakijapona, au mtu mwenye kidonda, samadi isitumike kamwe. Na mama mja mzito asikose sindano za pepopunda anapokwenda kliniki.

Tofauti ya sakafu si ya macho tu. Nchini Mexico, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza mwaka wa 2000 kuwawekea maskini sakafu za sementi badala ya udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba, udongo ulipoondolewa nyumba nzima, minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kwa hiyo, endapo umejaliwa fedha kidogo na hujui uanzie wapi, anza na sakafu ya chumba anacholala na kuchezea mtoto. Televisheni itangoja.

Sakafu ya sementi

Sementi njema huanza siku inapomwagwa. Fundi wengi humaliza kazi wakaenda zao, na mwenye nyumba akaiacha ikaukie juani. Sakafu mpya yapaswa kuwekwa maji kwa muda wa kama siku saba ili ikomae. Isipopata maji hupasuka, hutoa unga kila inapofagiwa, na unga huo huingia mapafuni mwenu.

Sementi laini haina madai mengi. Ifagie, ioshe kwa maji na sabuni, suuza, kisha uipanguse ikauke. Badilisha maji ya ndoo mara yanapochafuka, la sivyo unahamisha uchafu kutoka sebuleni hadi chumbani. Tambara la deki lifuliwe na kuanikwa juani, lisiachwe limelowa ndani ya ndoo hadi kesho. Nyufa zizibwe, maana humo hujificha funza, viroboto na mende.

Kung'arisha si lazima kwa afya. Ukipenda kung'arisha, nunua rangi ya sakafu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na usiyeyushe mishumaa na mafuta ya taa jikoni. Nimetibu watu walioungua mikono na uso kwa sababu mchanganyiko huo ulishika moto. Fungua madirisha, zima jiko, na usiwashe kiberiti hadi harufu iishe.

Terazo na vigae

Hizi ndizo sakafu rahisi kuliko zote kusafisha, na kwa wazee ndizo za hatari zaidi. Maji kidogo na sabuni juu ya kigae huteleza kama ute wa bamia. Mzee akianguka akavunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Kausha mara umalizapo kupiga deki, na umwombe nyanya aketi hadi pakauke. Bafuni weka mkeka wa mpira usioteleza.

Terazo imetengenezwa kwa sementi na vipande vya marumaru. Ndimu, siki na asidi ya kuoshea choo huila, ikabaki na vishimo ambavyo hushika uchafu. Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali yatosha.

Plastiki, mbao na kapeti

Zulia la plastiki limekuwa mkombozi wa wengi, lakini usidanganyike na sura yake. Ukilitandika juu ya udongo wenye unyevu, chini yake huota ukungu na wadudu huzaana bila kuonekana. Angalau mara moja kwa juma likunjue, fagia chini yake, na uache pakauke kabla ya kulirudisha. Lipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usimwage maji yakapenya pembeni.

Mbao nazo hazipendi maji. Fagia, kisha pitisha kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoke tone. Mianya kati ya ubao na ubao izibwe, kwani ni maficho ya kunguni.

Kapeti ya manyoya ni ghala la vumbi. Ndani yake huishi utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni ngozi tunayopukutika kila siku. Kwa mwenye pumu, taka zao zaweza kuamsha shambulio usiku wa manane. Zulia dogo litolewe nje, likung'utwe na kuanikwa juani, na anayelikung'uta afunge pua kwa kitambaa. Ikiwa mtoto wako ana pumu, ushauri wangu ni mfupi: ondoa kapeti chumbani mwake. Sakafu tupu iliyopanguswa ni dawa isiyouzwa dukani.

Jihadhari na jiki

Wengi huja kuniuliza kama yafaa kutia jiki kwenye maji ya deki kila siku. Hapana. Siku za kawaida, sabuni na maji vyatosha. Dawa hii ya klorini ina kazi yake pale ambapo pameanguka matapishi, kuhara au damu, hasa wakati wa kipindupindu. Ondoa uchafu kwanza, huku umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu klorini huishiwa nguvu inapokutana na uchafu. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji baridi. Mwaga mahali pale, ngoja dakika kumi, kisha osha. Changanya mpya kila siku, maana hupungua nguvu. Tena ufahamu kwamba klorini haiwezi mayai ya minyoo. Hayo huondolewa kwa kusugua na kuosha.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya jiki na asidi ya choo, siki au dawa nyingine ya kusafishia kwa kudhani kwamba mbili zitashinda moja. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Ikitokea, usibaki kusafisha. Toka nje, fungua milango, na ukiona kifua kinabana au kikohozi hakiishi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama umepata nafuu kidogo. Mapafu huweza kuchafuka saa kadhaa baadaye.

Mtoto akinywa mafuta ya taa

Nirudi kwa yule mama. Kabla ya kuja kwangu, jirani alikuwa amemshauri amnyweshe mtoto maziwa na kumtapisha kwa kidole. Ushauri huu umeenea sana, nao ni hatari. Madhara makubwa ya mafuta ya taa hutokea yakiingia mapafuni, na mtoto anapotapika huyavuta huko. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, na umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa.

Leo hii, msomaji, kabla hujalikunja gazeti, pitia nyuma ya mlango, chini ya kitanda na pembeni mwa jiko. Kila chupa ya soda au ya maji yenye kitu kisichonyweka iondoe. Dawa ya sakafu ikae katika chombo chake chenye maandishi, juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kazi hiyo haizidi dakika tano, nayo ni sehemu ya kusafisha.

Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi juma lijalo, nawatakia afya njema.