Mzigo wa Kwanza Begani

Ninyi mkisikia neno mitumba mnafikiria soko, nguo zimetundikwa na mama anachambua sketi. Mababu wa Unyamwezi walilijua neno hilo kwa bega. Mtumba ulikuwa mzigo wa mpagazi: majora ya nguo yamekunjwa, yamefungwa, yamekazwa kwa kamba mpaka yakawa magumu kama gogo. Uzito wake frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee. Mtu aliubeba kutoka pwani ya Bagamoyo hadi Tabora, mwendo wa karibu miezi mitatu, kisha akarudi na pembe za ndovu.

Sasa sikilizeni jambo ninalolipenda katika habari hiyo. Hakuna aliyeamka siku moja akabebeshwa mtumba. Wazungu waliopita njia hii katika karne ya 19 waliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza wangali wadogo, na pembe ndogo ndogo za ndovu begani. Bega lilifundishwa. Lilichubuka, likapona, likaota sugu. Ndipo ikajulikana huyu atafika pwani au hatafika.

Nawaambia haya kwa sababu mmoja wenu aliniuliza juzi, baada ya ibada: mtu anajuaje kwamba Mungu anamwita awe mchungaji? Nilimwona anasubiri nimsimulie ndoto, au sauti ya usiku. Wapo waliojaliwa hayo, nami nawaheshimu. Mimi sikusikia sauti. Mimi nilipelekwa Sikonge.

Nilikuwa mwanafunzi wa theolojia, na likizo ndefu ilipofika tuligawanywa kwenda fildi, kila mtu na ushirika wake. Basi lilitoka Tabora likaelekea kusini, na baada ya saa kadhaa za vumbi jekundu na misitu ya miyombo nikashuka na begi moja na Biblia mpya isiyokunjwa hata pembe. Ilikuwa kiangazi. Mavuno yamekwisha, tumbaku inakaushwa, na kando ya barabara watu wanauza asali ya msituni.

Sikonge si mahali padogo katika habari za kanisa letu la Moravian. Wamoravian walianza kutuma wamisionari mwaka 1732, kutoka kijiji cha Herrnhut kule Ujerumani, na wawili wa kwanza hawakuwa maprofesa: Leonard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann seremala. Walikwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi. Huku kwetu Wamoravian waliingia Urambo mwaka 1898, wakipokea kazi iliyoanzishwa na wamisionari wa London, na mwaka 1902 wakafungua Sikonge. Wakati huo misafara ya miguu ilikuwa bado inapita Unyamwezi, kwa kuwa reli ilifika Tabora mwaka 1912. Katika kanisa hili la magharibi mwa nchi yetu ndiko alikotoka Teofilo Kisanji, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kimoravian nchini. Chuo kikuu cha kanisa kule Mbeya kina jina lake.

Basi fikirini nilivyojiona siku ile. Nilikuwa nimeandaa mahubiri matatu.

Mchungaji aliyenipokea aliyaangalia makaratasi yangu, akayarudisha kwa mikono miwili, kwa heshima. Kisha akanipa kipande cha nondo. Kengele ya ushirika ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye tawi la mwembe kwa mnyororo. "Alfajiri utagonga wewe," akasema. "Usigonge kwa hasira. Watu wamechoka na tumbaku."

Nilifikiri ni kazi ya dakika mbili. Siku ya kwanza niligonga kwa nguvu, rimu ikazunguka, nondo ikanigonga kifundo cha mkono. Siku ya tatu nikajifunza kuishika rimu kwa kiganja cha kushoto, niiachie kidogo, nigonge ukingoni na si katikati, halafu ningoje mlio uishe kabla ya kugonga tena. Katika ule utulivu baina ya mlio na mlio nilisikia milango inafunguliwa, mtu anakohoa, ndoo inawekwa chini. Niliona haya kidogo. Watu walikuwa wanaamka kwa ajili ya mkono wangu.

Mchana alinipeleka hospitali. Hospitali ya Sikonge ilianzishwa na kanisa, na kwa miaka mingi palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma, watu ambao kwingine walifukuzwa hata kisimani. Mchungaji aliniacha mlangoni mwa wodi ya kina mama, akaenda zake.

Kitandani karibu na dirisha alilala bibi mmoja mwembamba sana. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi changu cha kuokoteza: "Mwangaluka." Ilikuwa saa tisa alasiri. Wodi nzima ikacheka, naye akanisahihisha taratibu: "Mwadila, mwanangu. Asubuhi imeshapita." Nikafungua Biblia, nikaanza kusoma kwa sauti ya mimbarani. Akaniwekea mkono juu ya ukurasa. Alitaka kwanza nimsogezee mto, kisha nimpe maji, kisha nikae. Nikakaa. Hatukusema neno karibu nusu saa. Nilipoinuka akasema, "Wabeja," yaani asante, na mimi sikujua ameshukuru nini.

Katika kanisa letu kuna ngazi tatu za huduma: shemasi, kasisi na askofu. Hakuna anayejipandisha mwenyewe. Ushirika wako ndio unakupeleka, wazee wanakushuhudia, chuo kinakufundisha, na kabla ya kuwekewa mikono unaangaliwa muda mrefu. Zamani niliona ni urasimu. Sasa naona ni wema mkubwa, kwa sababu wito ni mzito kwa mtu kuupima akiwa peke yake chumbani. Unaweza kujidanganya kwamba unao, na unaweza kujidanganya kwamba huna. Hilo la pili ndilo lililokuwa likinisumbua mimi. Usiku nilikuwa nahesabu: sijui lugha, siwezi hata kuamkia, sala zangu fupi.

Jumamosi nilirudi wodini bila kutumwa. Nilikuwa na chupa ya uji kutoka kwa mke wa mchungaji. Kitanda cha pili kilikuwa na mgonjwa mgeni, dada aliyeletwa usiku, ana hofu machoni. Bibi aliniona mlangoni, akamgeukia yule dada.

"Usiogope," akamwambia. "Mchungaji wangu amefika."

Nikageuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia.