SOMO LA LEO: INTANETI YENYE NJIA MBILI — LINI TURUDI NJIA KUU?

Tafadhali, mwalimu wa kikundi, andika ubaoni maneno matano ya leo: njia kuu, njia ya akiba, kuhama, kurudi, muda wa kungoja. Someni pamoja kwa sauti. Vizuri. Sasa sikilizeni maana yake.

Fikirini ofisi ya chama cha ushirika. Karani huwalipa wakulima kwa kompyuta, na kompyuta hiyo huzungumza na benki kwa intaneti. Waya wa faiba ndio njia kuu. Pembeni pana kifaa chenye laini ya simu. Hiyo ndiyo njia ya akiba. Katikati pana mtambo uitwao ruta, na kazi yake ni kuchagua njia. Waya ukikatika, ruta huhamia njia ya akiba. Huko ndiko kuhama. Waya ukipona, kazi hurejeshwa katika njia kuu. Huko ndiko kurudi.

Waya hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikawa dhaifu Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Kwa hiyo watu wengi wanajua faida ya kuwa na njia ya pili. Lakini wachache hujiuliza swali hili: waya ukipona, turudi saa ngapi?

Wengine husema, "Mara moja!" Ngojeni kidogo. Kila njia ina anwani yake, na benki huitambua ofisi kwa anwani hiyo. Njia ikibadilika, anwani hubadilika, na kazi iliyo katikati yaweza kukatika. Karani amekwisha kubonyeza "lipa", kisha kioo kinanyamaza. Je, fedha zimekwenda au hazikwenda? Akibonyeza tena, huenda mkulima akalipwa mara mbili. Asipobonyeza, huenda mkulima akarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa tuseme waya una kiungo kibovu. Unapona dakika moja, unakufa, unapona tena. Ruta ikirudi kila mara waya unapoonyesha uhai, karani atakatiwa kazi asubuhi nzima. Waya uliokufa kabisa una nafuu kuliko waya unaokufa na kufufuka, maana ukifa kabisa utahama mara moja tu. Basi shikeni kanuni hizi tano.

Kanuni ya kwanza: pima mbali. Taa ya kijani iliyo juu ya ruta huonyesha tu kwamba waya ni mzima mpaka kituo cha kwanza. Waya waweza kuwa umekatika mbele zaidi, na taa bado inawaka. Kwa hiyo iagize ruta ipime kwa kuita kompyuta mbili zilizo mbali. Kwa nini mbili? Kwa sababu moja yaweza kuharibika yenyewe, nawe ukadhani njia yako imekufa.

Kanuni ya pili: hama upesi, rudi polepole. Methali husema haraka haraka haina baraka. Katika kuhama haraka ni njema, kwa sababu kazi imekwisha simama. Katika kurudi methali ni kweli tupu, kwa sababu kazi inaendelea kwa njia ya akiba. Fanyeni hesabu. Ruta hupima kila sekunde 5. Vipimo 3 vikishindwa kwa mfululizo, ihame: sekunde 15 tu. Lakini kabla ya kurudi, vipimo vyote vifaulu kwa dakika 10. Hivyo ni vipimo 120. Kimoja kikishindwa, hesabu ianze tena kwenye sifuri. Huo ndio muda wa kungoja. Waya ukiwa na tabia ya kukatika-katika, uongezeni.

Kanuni ya tatu: amueni mapema nani atarudisha. Ruta yaweza kurudi yenyewe, au yaweza kungoja amri ya mtu. Mahali pasipo na fundi, ni afadhali irudi yenyewe. Mahali penye malipo mengi, ni afadhali mtu airudishe jioni, ofisi ikiisha kufungwa. Lakini jihadharini: mtu husahau. Njia ya akiba mara nyingi hulipiwa kwa kifurushi. Kikiisha, hamna akiba tena. Kwa hiyo ruta ipeleke ujumbe kwa simu ya msimamizi: "Tuko njia ya akiba."

Kanuni ya nne: rudini bila kukata. Ruta nyingine huweza kuiacha kazi iliyokwisha anza imalizikie njia ya akiba, na kazi mpya tu ndizo zianzie njia kuu. Kama yenu ina uwezo huo, utumieni.

Kanuni ya tano: jaribuni. Chagueni siku isiyo na malipo. Chomoeni waya, tazameni saa, rudisheni waya, tazameni saa tena. Andikeni katika daftari.

Wala msiache jambo hili kwa mpangilio wa kiwandani. Ziko kanuni mbili zitumikazo ruta mbili zinapopokezana zamu. Katika VRRP, kama hukubadili kitu, ruta kuu ikifufuka huchukua zamu yake tena yenyewe. Katika HSRP ya Cisco, haichukui mpaka iwe imeagizwa. Kazi ni moja, lakini desturi ni mbili mbalimbali. Asiyeuliza atashangaa siku ya hatari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini taa ya kijani haitoshi?
2. Ruta inapima kila sekunde 10, na muda wa kungoja ni dakika 15. Vipimo vingapi vifaulu?
3. Zahanati ina njia mbili, na njia ya akiba ni ya gharama kubwa. Ruta irudi yenyewe au ingoje mtu? Toeni sababu.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tatu kwa maneno "kuhama", "kurudi" na "kungoja". Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.