Siku ya uvivu iliyonifunza ualimu

Wahenga walituachia usia kwamba tembea uone. Mimi niliushika usia huo kwa pupa. Nilipojaliwa kuzuru Ujerumani wakati wa likizo, nilijaza daftari orodha ya mambo ya kutazama, nikayapangia saa na dakika mithili ya ratiba ya mtihani. Kila jioni nilirejea hoi katika hosteli ya vijana nilimofikia mjini Köln, nikatia alama mbele ya niliyoyaona, kisha nikalala fofofo.

Siku ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kwa mujibu wa daftari, asubuhi hiyo ilikuwa ya kanisa kuu la mji huo, lililoanza kujengwa mwaka wa 1248 na kukamilika mwaka wa 1880. Nilikuwa nimeazimia kupanda vidato 533 vya mnara wake. Nilichungulia dirishani, nikaona ukungu mtupu. Miguu nayo ilikuwa imevimba. Nikakata shauri kutotoka.

Nakiri kwamba saa za mwanzo zilinitesa. Nauli ya ndege niliilipa kwa mkopo wa chama cha ushirika. Je, mtu hukopa ili akakae kitako ughaibuni akitazama mvua? Nilijiona kama mwanafunzi aliyetoroka darasani.

Hosteli za aina hiyo si hoteli. Tulilala watu sita chumbani, katika vitanda vya ghorofa, na kila mgeni alitandika kitanda chake na kurudisha sinia lake baada ya kula. Kwa mtu aliyesomea shule ya bweni, hapakuwa na jambo geni hapo. Katika ukumbi wa mapumziko nilimkuta kijana kutoka Poland akishona begi lake lililochanika, na mzee wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, akisoma gazeti bila haraka. Siku nne nzima nilikuwa nimepishana nao mlangoni pasipo kuwajulia hali. Nilitoa majani ya chai ya Kericho, tukaomba maji moto na maziwa, mazungumzo yakaanza.

Mzee aliniuliza kazi yangu. Nilipomjibu, alitabasamu, akasema kwamba hosteli hizo zilizaliwa na mwalimu na mvua.

Mwaka wa 1909, Richard Schirrmann, mwalimu wa mji wa Altena, aliwatoa wanafunzi wake kwa matembezi ya miguu ya siku kadhaa. Aliamini kwamba mtoto hujifunza mengi nje ya kuta za darasa. Tarehe 26 Agosti walinaswa na tufani kali. Walijisitiri katika shule ya kijijini iliyokuwa tupu kwa sababu ya likizo, wakatandika nyasi kavu sakafuni. Watoto walilala; mwalimu alibaki macho akisikiliza radi. Ndipo alipojiuliza: mbona shule zisifunguliwe wakati wa likizo, wanafunzi walio safarini wapate malazi ya bei nafuu? Mwaka wa 1912 hosteli ilifunguliwa katika ngome kongwe ya Altena. Mwaka wa 1932 vyama vya hosteli vya mataifa mbalimbali viliungana mjini Amsterdam, naye akawa rais wa shirikisho hilo. Utawala wa Wanazi ulimlazimisha kung'atuka mwaka wa 1936. Hata hivyo, wazo lake liliishi kuliko utawala huo.

Mzee alirudia gazeti lake. Mimi nilibaki na kikombe mkononi, moyo ukinisuta.

Nilikumbuka safari niliyowaongoza wanafunzi wa Kidato cha Tatu kutoka bara hadi Mombasa. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, tuliipitia kwa dakika arubaini. Kisha tukateremka ufuoni. Msichana mmoja, ambaye hakuwa amewahi kuiona bahari maishani mwake, alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akaketi mchangani. "Mwalimu, tutakaa kidogo?" aliniuliza. Nilimjibu kwa filimbi. Basi lilikuwa lingoje nini, na safari ya kurudi ilikuwa ndefu? Tuliporejea niliwaandikisha insha. Zote zilikuwa orodha: tuliona hiki, tukaona kile. Niliwakata alama kwa ukavu wa maelezo. Kumbe waliniandikia safari niliyowapa!

Walimu wenzangu mtanijibu kwamba wanafunzi hukimbizwa kwa sababu hakuna pesa za malazi. Ni kweli. Lakini mbona mabweni yetu hukaa matupu kila Aprili, Agosti na Desemba? Shule ya Kisumu haiwezi kuwakaribisha wanafunzi wa Machakos kwa siku tatu, nao wa Machakos wakalipa fadhila mwaka ujao? Najua patazuka maswali ya usalama, magodoro na mlinzi wa usiku. Walimu wakuu wawili wanaoaminiana wanaweza kuyajibu kwa barua na kikao kimoja. Wazazi wagharimie chakula, wanafunzi wafagie walipolala. Na katika siku hizo tatu, moja iachwe bila ratiba, ili mtoto aketi, atazame, aulize, azungumze na wenyeji wake.

Jioni mvua ilikatika. Kijana wa Poland alinialika tutembee kando ya mto Rhine, nikaenda bila daftari. Tulisimama kitambo tukitazama matishari yakipita polepole, naye akanisimulia kijiji chake. Kesho yake niliondoka Köln. Vile vidato 533 sikuvipanda.

Waliotuusia tutembee tuone hawakusema tukimbie tuone. Nikijaliwa kuwapeleka wanafunzi pwani tena, filimbi itabaki ofisini.