Gitaa la kwanza: Kagua shingo kabla ya rangi

MFUGAJI wa Singida hanunui mbuzi mnadani bila kumfungua mdomo na kutazama meno, kumpapasa mgongo na kumtembeza hatua chache. Lakini mtu huyo huyo, mwanawe anapomwomba gitaa, huingia dukani, huchagua lile linalong'aa kuliko mengine na kulipa bila hata kugusa nyuzi zake.

Kwa familia za Utemini, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, kosa hilo si dogo. Wapo wanaoishi mjini na kulima alizeti nje ya mji. Mavuno huja kati ya Mei na Julai, na fedha hiyo hiyo inatakiwa ilipe ada, ilishe nyumba na ibaki ya kununulia mbegu kabla ya mvua za mwishoni mwa mwaka. Gitaa likinunuliwa vibaya, hasara ni mara mbili: fedha imekwenda, na kijana ameacha kujifunza baada ya miezi miwili akidhani hana kipaji, kumbe tatizo lilikuwa chombo.

Hata hivyo, gitaa si anasa tu. Mpigaji mzuri hutafutwa na kwaya, bendi na wenye harusi. Kwa hiyo ununuzi wake ufanyiwe hesabu kama ya jembe au pampu ya maji.

Kavu au la umeme?

Swali la kwanza ni aina. Gitaa la umeme lina nyuzi laini na shingo nyembamba, na vidole vya mwanafunzi hulizoea haraka. Lakini peke yake halisikiki. Linahitaji amplifaya, waya na umeme wa kuaminika, na gharama hizo hazionekani kwenye bei iliyobandikwa dukani.

Gitaa kavu halidai chochote zaidi ya mikono. Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Kongo ambao leo unaitwa Likasi, kijana huyo alipiga gitaa kavu moja tu. Rekodi zake zilisikika mbali na zikaathiri wapigaji wengi wa Afrika Mashariki. Anayeanza hapati hasara akianzia hapo.

Plaiwudi si aibu

Swali la pili linaihusu Singida yenyewe. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kisha miezi mingi ya ukame na upepo. Mbao huvuta unyevu hewani na kuupoteza. Viwanda vingi hutengeneza magitaa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Likiletwa kwenye hewa kavu kuliko hiyo, gitaa lenye uso wa ubao mmoja mzima husinyaa, na linaweza kupasuka.

Uso wa plaiwudi, yaani tabaka nyembamba zilizogundishwa kwa kupishana, hustahimili zaidi. Ni kweli kwamba ubao mzima hutoa sauti tamu zaidi, lakini tofauti hiyo haimsaidii sana mtu ambaye bado anajifunza kubana vidole. Kuitambua ni rahisi: tazama ukingo wa tundu la katikati. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Ukiona mistari ya mti ikiendelea kutoka juu hadi chini ya ukingo, ni ubao mzima.

Jambo hili si geni Afrika. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliuza magitaa ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone, na wanamuziki wa zamani nchini walikuwa wakiliita gitaa kavu "galatoni". Ndani ya aina yake moja, Champion, mliwekwa karatasi yenye ahadi kwamba gitaa halitapasuka. Aina hiyo ndiyo aliyokuwa akipiga John Lennon wa Uingereza mwaka 1957, kabla ya kundi la The Beatles kuzaliwa.

Nailoni au chuma?

Nyuzi za nailoni haziumizi vidole sana na zinamfaa mtoto. Nyuzi za chuma zina sauti kali inayosikika vizuri zaidi katikati ya kwaya, ila wiki za kwanza zina maumivu.

Lipo kosa moja linaloua magitaa mengi: kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, wakati za nailoni huvuta karibu kilo 40. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba mzigo huo. Shingo hupinda, au kipande cha chini kinachoshikilia nyuzi hung'oka na ubao wake.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 hivi, liulizwe gitaa dogo la robo tatu. La ukubwa kamili humlazimisha kunyoosha mkono kupita uwezo wake.

Ukaguzi wa dukani

Kazi kubwa iko kwenye shingo. Mnunuzi aliinue gitaa usawa wa jicho, kama fundi seremala anavyotazama ubao, na kuangalia toka kichwani kuelekea tumboni. Shingo iwe imenyooka, au iwe na mbonyeo mdogo sana. Iliyojikunja kama mpini wa jembe bovu iachwe.

Kisha apime nafasi kati ya nyuzi na shingo kwenye freti ya 12, yaani kipande cha 12 cha chuma kinachokatiza shingo. Kwa nyuzi za chuma, milimita mbili hadi tatu zinatosha. Kwa nailoni, tatu hadi nne. Zaidi ya hapo, mwanafunzi atabana kwa nguvu nyingi na kukata tamaa.

Hatua ya tatu, kila uzi upigwe ukiwa wazi, kisha ubanwe freti ya 12 na upigwe tena. Sauti iwe ile ile, ila ya juu zaidi. Programu ya bure ya kutyuni kwenye simu itasema ukweli kama sikio halijazoea. Halafu kila uzi upigwe freti moja moja kusikiliza kama kuna mkwaruzo, na vikazio vya nyuzi vizungushwe kuona kama vinateleza.

Mwisho, vidole vipitishwe pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikwaruza, hiyo ni dalili kwamba mbao zimeshasinyaa. Na ubao mweusi wa shingo usimdanganye mtu kuwa ni mpingo: kitambaa chenye unyevu kikitoka na rangi, ni mti mwingine uliopakwa.

Hesabu kamili

Bei ya gitaa si gharama ya gitaa. Katika kila Sh100,000 iliyotengwa, ni busara gitaa lenyewe lisizidi Sh75,000. Inayobaki inunue begi, seti mbili za nyuzi za akiba na malipo ya fundi wa kurekebisha urefu wa nyuzi. Gitaa la kawaida lililorekebishwa vizuri hupigika kuliko la ghali lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani.

Gitaa lililotumika nalo ni chaguo zuri, kwa ukaguzi ule ule. Likiwa na shingo nzima, linaweza kuuzwa tena bila kupoteza fedha nyingi. Lenye shingo mbovu halina mnunuzi.

Likishafika nyumbani, litunzwe ndani ya begi, mbali na dirisha na joto la bati. Miezi ya kiangazi, kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikiwekwa ndani ya kopo la sabuni lililotobolewa, kikae humo kwenye begi. Kwenye basi, gitaa lisipande juu ya keria wala kulazwa karibu na injini, kwani joto hulegeza gundi.

Asiyejua kupiga asiende dukani peke yake. Katika kwaya za mjini Singida hakosekani mpigaji wa kuombwa asindikize, akalipiwa nauli na chakula cha mchana. Atakapolishika gitaa na kusema "hili liache", atakuwa ameokoa fedha ya magunia.