Wakimbizi na Usalama wa Taifa: Somo la Ngara (Sehemu ya Pili)

Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kuuliza nani ni nani.

Wengi walikuwa wanawake, watoto na wakulima wasio na hatia. Lakini katikati yao walikuwamo wauaji. Mwanzoni hata chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa kule walikotoka, na baadhi yao ndio waliosimamia mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuongoza komuni ya Murambi nchini Rwanda, alikuwa humo. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa, wafuasi wake walifanya fujo. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011. Kabla ya kukamatwa, kwa miaka kadhaa alikuwa mtu huru.

Je, sheria ilikosekana? La. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamnyima hifadhi mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita. Ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wakae mbali na mpaka, na unawakataza kuchochea vurugu dhidi ya nchi nyingine. Kilichokosekana ni askari, wapelelezi na fedha za kuchambua watu mapema.

Gharama ililipwa na wote. Desemba 1996 serikali ya Tanzania, ikiungwa mkono na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), ilitangaza kuwa Wanyarwanda waondoke kabla ya mwaka kwisha. Karibu nusu milioni, pamoja na waliofika baadaye, walirudishwa, wengi wakisukumwa na askari. Mjane na muuaji walifungashiwa virago pamoja.

Tanzania hiyo hiyo, mwaka 2014, ilitoa uraia kwa zaidi ya Warundi 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, familia zilizokimbia mauaji ya 1972. Walikuwa wamelima na kusomesha watoto huko kwa miongo minne, na serikali iliwafahamu.

Kwa hiyo kosa la Ngara halikuwa kufungua daraja. Serikali zetu na wafadhili wagharimie mahojiano na upelelezi tangu siku ya kwanza pale mpakani, na kila mtu apimwe kwa matendo yake, si kwa kabila wala kwa nchi aliyotoka.

Sehemu ya tatu itaangalia Dadaab, kambi ambayo Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia isifungwe mwaka 2017.